Uchumi Hausomwi Kama Gazeti

Wanafunzi wengi wanaochagua shahada ya uchumi huvutwa na habari za bei, ajira, madeni ya serikali na biashara ya dunia. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale wanapoisoma shahada yenyewe kwa namna ileile wanavyofuatilia habari: wanasoma, wanaelewa, wanapigia mstari, wanafunga kitabu. Mwaka wa kwanza mtindo huo hupita, kwa kuwa kozi za utangulizi hudai fasili, michoro na maelezo. Mwaka wa pili ndipo mambo huharibika, na kwa kawaida huharibikia kwenye kozi mbili: uchumi mdogo wa ngazi ya kati, yaani nadharia ya mtumiaji na kampuni, na ekonometriki, yaani matumizi ya takwimu kupima mahusiano ya kiuchumi.

Huambiwa kwamba anayefeli kozi hizo hana kichwa cha hesabu. Si kweli kwa walio wengi. Aliyefeli ni mtu aliyeikuta hesabu akiwa amechelewa, kisha akajaribu kuifidia kwa kusoma badala ya kukokotoa. Idara nazo zina lawama yao. Zinamfundisha mwanafunzi muhula mzima kwa michoro na maneno, halafu muhula unaofuata zinamwekea ubaoni derivativi (kasi ya tokeo kubadilika kigeu kikisogea kidogo) za vigeu viwili kana kwamba alizaliwa akizijua.

Hesabu inayohitajika wala si nyingi. Ni kanuni za vipeo na logi, milinganyo sambamba, derivativi ya kigeu kimoja, derivativi ya vigeu viwili huku kimoja kikishikiliwa, kutafuta kilele chini ya sharti, matriki kidogo, na misingi ya uwezekano. Ila kuna mtego mmoja ambao vitabu vya sekondari havikuandai nao: uchumi unaishi kwenye vipeo vya sehemu na vipeo hasi. Mwanafunzi anayetoa derivativi ya x kwa kipeo cha 2 usingizini, lakini anababaika akikutana na x kwa kipeo cha 0.5, hajawa tayari. Kama una wiki chache kabla ya muhula wa kwanza kuanza, zitumie hapo, kwenye vipeo na logi. Kutafuta vitabu vinene vya kalkulasi wakati huo ni kujichosha bure.

Tuchukue swali moja la aina inayotolewa karibu kila chuo. Mtumiaji ana kipato cha 80. Bidhaa x inauzwa 2, bidhaa y inauzwa 4. Manufaa yake, yaani kuridhika anakopata, ni kipeuo cha pili cha zao la x na y, kwa maneno mengine kila kimoja kina kipeo cha 0.5. Atanunua kiasi gani cha kila moja? Kwenye kilele, uwiano wa manufaa ya pembezoni (manufaa yanayoongezwa na kizio kimoja zaidi) hulingana na uwiano wa bei. Hapa manufaa ya pembezoni ya x yakigawanywa kwa ya y hutoa y/x, na bei hutoa 2/4, hivyo y ni nusu ya x. Ingiza kwenye bajeti: 2x + 4(x/2) = 4x = 80. Basi x ni 20 na y ni 10.

Kosa linalorudi kila mwaka kwenye karatasi za mtihani ni kuupindua uwiano na kuandika x/y = 2/4. Aliyefanya hivyo anapata x = 8 na y = 16. Anakagua bajeti: 16 + 64 = 80. Imetimia, anaenda swali linalofuata akiwa na furaha. Bajeti haiwezi kumuumbua, maana jibu lolote lililopitishwa kwenye mlinganyo wa bajeti litautimiza, hata liwe la ovyo. Kinachomuumbua ni manufaa yenyewe. Kipeuo cha 8 × 16 ni kama 11.3. Sasa asogee kidogo tu juu ya bajeti ileile: x iwe 10, y iwe 15, gharama ni 80 vilevile, lakini manufaa yanapanda hadi 12.2. Kama 8 na 16 palikuwa kileleni, kusogea kusingempandisha. Kwenye jibu sahihi, 20 na 10, manufaa ni 14.1, na ukisogea upande wowote unashuka. Ukaguzi huo unachukua dakika moja, na ni watahiniwa wachache wanaoufanya.

Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo huwatenganisha waliokokotoa na waliokariri. Kizidishi cha Lagrange, namba inayoambatanishwa na sharti la bajeti wakati wa kutafuta kilele, hapa kinatoka takriban 0.177. Wengi wanakipata, wanakipigia mstari, wanakiacha. Mtahini anauliza: kina maana gani? Maana yake ni kwamba kipato kikiongezeka kwa kizio kimoja, kutoka 80 hadi 81, manufaa yatapanda kwa takriban 0.177. Kokotoa upya kwa 81 uone. Aliyewahi kukokotoa upya hata mara moja hasahau; aliyesoma sentensi hiyo kwenye kitini ataichanganya na kitu kingine kabla mtihani haujafika.

Kwa hiyo maswali ya kila wiki ndiyo masomo yenyewe, na mhadhara ni utangulizi wake. Yafanyie kazi peke yako kwanza, kwenye karatasi tupu, vitini vikiwa vimefungwa, hata kama utakwama nusu ya njia. Kundi la kujisomea lije baadaye, kila mmoja akiwa na mahali alipokwama. Kundi linaloanza na karatasi tupu huishia kuwa na mtu mmoja anayekokotoa na wanne wanaonakili. Majibu yaliyoandaliwa, yawe ya mhadhiri, ya mwaka jana au ya programu ya kompyuta, yana hatari yake: ukiyasoma kila mstari unaonekana wa kawaida, na unajiona umeelewa. Njia ya kujipima ni kulirudia swali lilelile baada ya siku mbili ukiwa umebadilisha namba. Badala ya kipeo cha 0.5 na 0.5, weka 0.3 na 0.7. Ukikwama, ulichokuwa nacho ni kumbukumbu ya jibu.

Michoro ina kanuni zake. Mhimili usio na jina ni alama iliyotupwa. Jambo linalowasumbua wanafunzi wa hesabu kuliko wengine ni desturi tuliyorithi kwa mchumi Mwingereza Alfred Marshall ya kuweka bei kwenye mhimili wa wima, ilhali mlinganyo unaandika kiasi kama tokeo la bei. Mahitaji yakiwa Q = 100 − 2P, Q ikiwa kiasi na P bei, mwinamo kwenye mchoro ni −0.5, wala si −2. Tena mstari huo ulionyooka hauna unyumbufu mmoja, yaani asilimia ambayo kiasi hubadilika bei ikipanda kwa asilimia moja. Bei ikiwa 10, kiasi ni 80 na unyumbufu ni −0.25, bei ikiwa 40, kiasi ni 20 na unyumbufu ni −4. Anayeandika kwamba "mkunjo huu ni wenye unyumbufu mkubwa" bila kutaja uko wapi kwenye mstari hajajibu swali.

Uchumi mpana, yaani wa nchi nzima, huonekana rahisi zaidi, kwani msamiati wake unasikika kila siku. Hapo ndipo ulipo mtego wake. Mwanafunzi anaandika kwamba mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 9 hadi 6, bei zimeshuka. Hazijashuka: kilichokuwa 100 kimekuwa 109, kisha kama 115.5. Anaandika kwamba riba iliyotoka asilimia 5 hadi 7 imepanda kwa asilimia 2, wakati imepanda kwa pointi 2 za asilimia, ambazo ni asilimia 40 ya riba ya awali. Kuna jingine ambalo hata wachambuzi wa redioni hawakosi kulisema: kwamba bidhaa zinazoagizwa nje hupunguza pato la taifa kwa sababu kwenye mlinganyo wa pato (matumizi ya kaya + uwekezaji + matumizi ya serikali + mauzo ya nje − uagizaji) zina alama ya kutoa. Zinatolewa kwa kuwa zilikwisha kuhesabiwa ndani ya matumizi ya kaya, uwekezaji na matumizi ya serikali. Simu iliyoagizwa nje kwa 100 inaongeza 100 kwenye matumizi na kutoa 100 kwenye biashara ya nje; kwenye pato inabaki sifuri. Mlinganyo ule ni wa kuhesabu, hausemi nini kinasababisha nini. Ukitaka kusema uagizaji unadhuru au unasaidia uzalishaji wa ndani, unahitaji nadharia na ushahidi.

Sasa ekonometriki. Hii ndiyo kozi yenye faida kubwa kuliko zote kwenye shahada, na ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote. Kozi nyingi hutumia majuma mengi kuthibitisha sifa za makadirio kwa matriki, halafu zinamwachia mwanafunzi dakika tisini kwenye maabara ya kompyuta. Mwanafunzi anatoka akijua kuandika uthibitisho na asijue kusoma jedwali la matokeo.

Aanze na jedwali. Logi ya mshahara ikielezwa kwa miaka ya shule, na kigezo cha shule (namba inayozidisha miaka hiyo) kikawa 0.08, tunasema mwaka mmoja zaidi wa shule unakwenda na mshahara ulio juu kwa kama asilimia 8. Njia hiyo ya mkato inafaa kwa namba ndogo tu. Kigezo kikiwa 0.5 tofauti si asilimia 50. Ni kama 65, kwa sababu lazima urudishe logi kwenye hali yake ya kawaida na kuondoa 1. Kisha lije swali gumu zaidi: je, ni shule iliyopandisha mshahara? Waliosoma miaka mingi huenda walitoka familia zenye uwezo, au wana bidii ambayo ingewalipa hata bila cheti. Vitu hivyo havimo kwenye jedwali, lakini vinaambatana na shule na vinaambatana na mshahara, hivyo kigezo cha shule kinabeba mzigo usio wake. Kuongeza idadi ya watu kwenye sampuli hakuondoi tatizo hili. Watu milioni moja watakupa jibu lilelile lililopotoka, ila kwa uhakika mkubwa zaidi.

Kwa upande wa data, makosa mengi yanayoharibu kazi ya mwanafunzi hayana nadharia yoyote ndani yake. Dodoso limeandika 99 kwa mtu ambaye hakutaja umri, na kompyuta inamhesabu kama mzee wa miaka 99. Kwenye Stata, programu ya takwimu, thamani iliyokosekana huchukuliwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo amri ya kuchagua wenye kipato zaidi ya 1,000 inawachukua pia wote ambao hawakutaja kipato. Programu hailalamiki. Matokeo yanatoka safi, yana nyota za umuhimu wa kitakwimu (alama kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu), na hayana maana. Dawa yake ni ya kuchosha lakini ndiyo hiyo: kabla ya rigresheni yoyote (hesabu ya kukadiria uhusiano wa vigeu), toa idadi, wastani, thamani ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kila kigeu, uziangalie moja moja. Faili ghafi lisiguswe. Kila badiliko liandikwe kwenye skripti, iwe ya R, Stata au Python, na kabla ya kukabidhi kazi, skripti iendeshwe upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayefuta safu kwa mkono kwenye lahajedwali hataweza kumweleza msimamizi alichofanya wiki tatu zilizopita.

Kuna kisa ambacho kingestahili kuwa mhadhara wa kwanza wa kozi hii. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni la serikali linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia −0.1 kwa mwaka. Wanasiasa waliokuwa wanadai serikali zibane matumizi waliishika makala hiyo kwa mikono miwili. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia matokeo ya makala iliyochapishwa. Akaichagua hiyo, akashindwa kuyapata, akawaandikia watunzi, nao wakamtumia lahajedwali yao. Fomula ya wastani ilikuwa imeziacha nchi tano za mwanzo wa alfabeti. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walitangaza kwamba baada ya marekebisho yote wastani ulikuwa asilimia 2.2.

Kinachokumbukwa ni fomula, kwa sababu inachekesha. Lakini fomula ilikuwa na mchango mdogo. Uzito mkubwa ulikuwa kwenye miaka iliyoachwa nje na kwenye namna ya kutafuta wastani: kila nchi ilipewa uzito sawa, hivyo mwaka mmoja wa New Zealand, 1951, wenye ukuaji wa −7.6, ukawa sawa na miaka 19 ya Uingereza. Kosa la kidole humpata yeyote. Uamuzi wa uzito ni wa kitaaluma, unaweza hata kutetewa, ila lazima uandikwe wazi na msomaji aone matokeo yanavyobadilika ukiufanya kwa njia nyingine. Mwanafunzi anayemaliza shahada bila kujaribu hata mara moja kurudia jedwali la makala ya mtu mwingine amenyimwa zoezi lililo bora kuliko mitihani mitatu.

Kutoka hapo tufike kwenye tasnifu, maana ndiko udhaifu wote wa miaka iliyotangulia unakokusanyika. Mada zinazopendwa zina umbo moja: athari za kitu fulani kwa ukuaji wa uchumi wa nchi fulani, 1990 hadi 2020. Hesabu haraka: hiyo ni miaka 31, yaani mistari 31 ya data. Weka vigeu sita, weka thamani za mwaka uliotangulia, na karibu hujabakiwa na kitu cha kukadiria. Juu ya hapo, deni linapanda, pato linapanda, idadi ya watu inapanda, mikopo inapanda. Wachumi Granger na Newbold walionyesha tangu 1974 kwamba mifululizo miwili isiyo na uhusiano wowote, ikiwa kila mmoja unatangatanga bila kurudi kwenye wastani wake, itatoa mara kwa mara uhusiano unaoonekana wa nguvu. R ya mraba (sehemu ya mabadiliko inayoelezwa na vigeu, ukomo wake ukiwa 1) ya 0.95 kwenye kazi ya namna hiyo ni dalili ya ugonjwa, na bado kuna tasnifu zinazoitangaza kwenye ikisiri. Kipimo cha Dickey na Fuller, kinachoangalia kama mfululizo unatangatanga hivyo, kinaweza kukuonya, ingawa kwa mistari 31 nacho hakina nguvu.

Mada nzuri kwa ngazi hii ni nyembamba na ina ulinganisho ndani yake. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa wachumi wa Marekani David Card na Alan Krueger. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, wakati jirani yake Pennsylvania halikupandisha. Wakahesabu ajira kwenye migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1994, hayakuonyesha ajira kupungua New Jersey, na yakazua mabishano ya miaka. Card alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, Krueger akiwa amefariki 2019. Mwanafunzi hahitaji ukubwa huo. Anahitaji umbo lile: kitu kilichobadilika mahali pamoja na kisibadilike pengine, kwa tarehe inayojulikana, na data ya pande zote mbili.

Mpangilio wa kazi nao hugeuzwa. Desturi ni kuandika mapitio ya maandiko kwa miezi miwili, kisha kwenda kutafuta data, kisha kugundua kwamba haipo, au ipo kwa miaka minne tu. Fanya kinyume. Ndani ya wiki tatu za kwanza data iwe imefunguliwa kwenye kompyuta yako na jedwali la wastani limetoka. Hapo ndipo swali linyooshwe liendane na kilichopo. Kufikia katikati ya muda wote uwe na matokeo ya kwanza, hata mabaya. Mapitio yasizidi sehemu moja ya tano ya kurasa. Na kigezo kisichokuwa na nyota si msiba: tasnifu inayosema kwa uaminifu kwamba athari haikuonekana, na kuonyesha kwa nini sampuli isingeweza kuiona, inastahili alama kuliko ile iliyojaribu miundo arobaini na kuripoti mmoja.

Wapo wanaosema tatizo la shahada hii ni hesabu yenyewe. Wanafunzi wa Ufaransa walitoa waraka wa malalamiko mwaka 2000, na baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 wenzao wa Manchester waliunda chama cha kudai mtaala mpana zaidi. Wana haki kwenye jambo moja kubwa: mtu anaweza kuhitimu bila kujua lolote kuhusu historia ya uchumi, bila kujua kwamba migogoro ya kibenki imetokea mara nyingi, na bila kujua kwamba nadharia anayofundishwa ilikuwa na wapinzani. Mradi wa CORE, ulioanza 2013 na kutoa kitabu cha utangulizi bure mtandaoni, unaanza na data na historia kabla ya mikunjo, na kwa maoni yetu huo ndio mpangilio sahihi. Lakini kupunguza hesabu kungewaumiza hasa wale wasio na namna nyingine ya kuipata. Mwanafunzi asiyejua ekonometriki hawezi kuibishia makala ya Reinhart na Rogoff; anaweza tu kuichukia.

Suala la kozi za hiari huamuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Anayefikiria shahada ya uzamili kwenye chuo kinachodai sana achukue aljebra ya mstari na kalkulasi ya vigeu vingi mwaka wa pili, kwa kuwa mwaka wa tatu nafasi za kozi za hesabu zinakuwa zimekwisha au ratiba inagongana. Anayelenga idara ya takwimu, benki au wizara achukue ekonometriki ya pili pamoja na kozi moja inayomlazimisha kuandika kurasa mbili kwa msomaji asiye mchumi. Uchumi wa maendeleo, fedha za umma, uchumi wa kazi na biashara ya kimataifa zote ni chaguo zuri. Kabla ya kujiandikisha, angalia mtihani wa mwaka jana wa kila moja: kama maswali yote yanaanza na "jadili", bila hata moja linaloanza na "kokotoa" au "tafsiri jedwali lifuatalo", utaipita kwa raha na utatoka nayo na kidogo.